Injini Ilikuwa ya Kaka

Watu wananiuliza kwa nini lile gari letu limekaa juu ya matofali, limetolewa injini, na kwa nini mimi na kaka yangu hatutukanani tena juu ya ukuta wa mbao. Wengine wanathubutu kuniambia, "Msamehe, ni damu yako." Haya. Kaeni niwaambie, kisha huo msamaha mkautoe nyinyi.

Kaka ni makanika. Gereji yake iko nyuma ya stoo ya mbao, uwanja mweusi kwa oili ya miaka, paa la mabati upande mmoja. Upande wa pili wa ukuta niko mimi na cherehani yangu. Nashona viti vya magari. Gari likiingia kwake linakohoa, mwenye gari anakuja kukaa kwangu kusubiri, nami namwangalia yeye, naangalia viti vyake vilivyochanika, natingisha kichwa kidogo tu. Mara nyingi anaondoka na viti vipya. Tumekula mkate wetu hivyo tangu tungali vijana. Mchana kutwa tunarushiana maneno juu ya ukuta, yeye ananiita Kinywa Wazi, mimi namwita majina ambayo mbele ya watu wazima siyasemi.

Baba yetu alipofariki alituachia gari moja tu, nalo lilikuwa limelala nyuma ya nyumba hadi kuku wakataga ndani yake. Ndugu wengine walilitazama wakaondoka zao. Kaka akaniambia, "Dada, mimi nitafufua injini. Kilichobaki shughulika nacho wewe." Nikashughulika. Niliwatoa kuku, nikamsimamia mnyoosha bodi mpaka akachukia kuniona, nikashona viti vyote upya kwa mkono wangu, mshono mara mbili. Siku lilipotoka barabarani mtaa mzima ulipiga vigelegele. Tangu hapo ukawa ndio mzaha wetu: injini ya kaka, bodi ya dada. Likizima, yeye ndiye anayezomewa. Mlango ukigoma, lawama kwangu. Tukigombana mimi napaza sauti, "Toa injini yako kwenye bodi yangu!" naye anajibu, "Toa bodi yako juu ya injini yangu!" Wateja wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Ana tabia moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hamtanielewa. Kila nati anayoikaza, akimaliza, anatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, anachora mstari mdogo unaoanzia juu ya nati na kuishia kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukibaki umenyooka, nati haijacheza. Ukikatika, ujue imesogea au kuna mtu kaigusa. Rangi yake ni nyekundu siku zote. Mafundi wenzake walimbatiza Bwana Kucha, na watoto wa shule walikuwa wakipita wanamuuliza kama anapaka na za miguuni. Hakukasirika hata siku moja. "Mkono wangu hauwezi kuiacha nati bila alama," alikuwa akisema. "Hata niwe usingizini, nitaichora."

Sasa binti yangu. Baba yake alifariki mtoto hajaota meno, kwa hiyo aliyemfundisha kutembea, kuendesha baiskeli na kujibu watu wakorofi ni mjomba wake. Kutoka shule alikuwa hapiti kwangu kwanza, anapita gereji. Nilimshonea magauni, akayafutia mikono yenye grisi. Alipofika umri wa wenzake kuanza kujipodoa, yeye alikuwa chini ya lori. Mjomba alimpa jina, Chifu, na lilikuwa jina la mapenzi, msidhani vingine. Gari likiletwa linaumwa, kaka anawasha, anaweka kiganja juu ya boneti, anapiga kelele, "Chifu! Inasemaje?" Binti anainamisha kichwa, anasikiliza. "Inasema vali inagonga, mjomba." Au, "Inasema mkanda umechoka." Kaka anasema, "Haya," anafungua palepale palipotajwa, na palepale ndipo ubovu ulipo.

Wateja walidhani anamfundisha. Mimi pia. Nilikuwa nawasikia kutoka upande wangu, nimebana pini mdomoni, natabasamu peke yangu.

Na kaka alikuwa na sauti, jamani. Kila mwaka inapanda. Nilijiambia ni kelele za gereji, makanika gani anaongea taratibu? Hata matusi yangu ya juu ya ukuta yalianza kupita bila kujibiwa. Nikasema kumbe naye amekuwa mtu mzima, amejifunza kunyamaza. Nilijipongeza.

Basi akaja mteja mmoja, mhandisi wa meli yuko likizo, gari lake linatoa moshi mweusi. Akasimama pale akamsikiliza binti yangu anavyoisoma injini kwa masikio. Akaniambia, "Mama, huyu mpeleke chuo cha ubaharia. Huko kuna injini utapanda kwa ngazi." Wee! Mtoto hakulala tena. Akaomba, akafanya mtihani wa kwanza, akapita. Wakamwita kwenye usaili wa mwisho: mahojiano na majaribio ya karakana, asubuhi moja tu, saa nne. Na hapa ndipo palipokuwa na mwiba. Alikuwa ameanza kuomba amechelewa, amefika umri wa mwisho wanaoupokea. Mwaka huu akikosa, mwakani hata getini hawamtazami. Tulilijua hilo wote watatu. Tulilizungumza mezani kwangu, kaka akiwa amekaa mbele yangu, anamtazama mtoto mdomoni anavyoeleza.

Kaka alifurahi kuliko sisi. Alimbeba mtoto mkubwa vile akazunguka naye gereji nzima. Alimwambia muuza mbao, akawaambia wapita njia. Baadaye, siku zilivyokaribia, akawa hali vizuri. Nikamtania, "Umeanza kumkumbuka kabla hajaondoka?" Akasema, "Ndiyo." Neno moja. Nilimwonea huruma, mimi mjinga.

Mpango wangu ulikuwa tupande basi siku moja kabla, tulale huko huko mji wa bandari, asubuhi mtoto aamke mbichi. Kaka akapandisha mori. "Chifu wangu apande basi kwenda kuulizwa habari za injini? Unataka wamcheke? Nitampeleka mwenyewe, kwa injini yangu!" Nikasema, "Na lile gari likizima?" Akajishika kifua. "Lilizima lini mkononi mwangu?" Kweli, lilikuwa halijazima miaka. Binti naye akaruka, "Twende na mjomba, mama, tafadhali." Nikakubali. Wawili wale wakiungana ulikuwa huwawezi.

Jioni ya kuamkia safari, napiga pasi shati jeupe la mtoto, kaka akaingia jikoni na spana mfuko wa nyuma. "Dada, rangi yangu imekauka. Huna yoyote?" Nilikuwa na kichupa kimoja, zambarau iliyokolea. Binti alininunulia nikapaka mara moja, nikaonekana mtu aliyebanwa vidole na mlango, nikafuta. Nikampa. "Unapaka wapi usiku huu?" Akasema, "Nakagua nati za magurudumu. Sitaki tairi lituage njiani." Nikacheka nikamwambia kesho gari litakwenda limejipodoa kuliko mimi. Naye akacheka. Alicheka vizuri kabisa.

Tuliondoka alfajiri. Mimi nyuma, na shati la mtoto nimelitundika dirishani, mayai ya kuchemsha mapajani, chupa ya chai miguuni. Binti mbele, pembeni ya mjomba, mahali pake pa siku zote. Anakariri: pistoni, krenki, pampu ya kupozea. Barabara tupu, hewa baridi inaingia kwenye ule mlango wangu usiofunga vizuri, kaka akanigeukia, "Bodi ya nani hii inayotuua kwa baridi?" Nikamwambia akae kimya aendeshe. Nilikuwa na furaha mno. Niliwaza mtoto wangu amevaa sare, niliwaza nitakavyomtaja mbele ya wateja bila kuulizwa.

"Chifu, inasemaje?"

"Inaimba, mjomba."

Jua lilipopanda, mtoto akaacha kukariri. Akainamisha kichwa. "Mjomba, kama inakosa pumzi."

"Ni mlima tu."

"Hakuna mlima, mjomba."

Nami nikacheka, maana kweli palikuwa tambarare kama meza. Sikumaliza kucheka. Gari likatetemeka, likavuta kidogo, likafa kando ya mashamba, mahali hata nyumba huioni.

Mtoto alishafika kwenye boneti kabla kaka hajafungua mlango. Kaka akamshika mabega akamrudisha. "Chifu, leo hujichafui. Leo una wakubwa wa kuonana nao. Kaa na mama yako." Nikaona jamani, mjomba gani huyu, anawaza hadi shati. Akaanza kufungua. Akafungua betri, akasugua vichwa vyake, akarudisha. Akatoa chujio la hewa, akalipuliza, akalikagua juani. Binti akamwita kutoka dirishani, "Mjomba, tazama upande wa dizeli! Inavuta hewa!" Hakugeuka. Akaita tena. Akageuka, akamtazama usoni, akasema, "Kila kitu kwa utaratibu wake."

Muda ukaenda. Mimi sina subira, mnanijua. Nikatoka nikasimama barabarani. Basi likatokea, nikanyoosha mkono, likaanza kupunguza mwendo. Haki ya Mungu lilikuwa limeshawasha taa ya pembeni. Kaka akaja mbio, mikono miwili juu. "Dada, dakika tano! Nimeshaupata ubovu, nipe dakika tano tu!" Akampungia dereva apite. Nami nikaliacha likapita, kwa kuwa aliyesema ni kaka, na kaka akisema dakika tano huwa ni nne. Nililiona hadi mgongo wake. Kulikuwa na viti vitupu nyuma.

Dakika tano zake zilizaa wajukuu. Mtoto alikuwa anatembea mbele ya gari, nyuma ya gari, anatazama saa, anatazama mjomba, machozi yamemlenga lakini hayatoki. Mwishowe kaka akamtuma akaombe maji ya rejeta kwenye kijinyumba tulichokipita mbali kule. Mtoto akakimbia. Alipotokomea tu, kaka akachukua spana moja, akainama, akakaza nati moja ndogo kwenye bomba jembamba la dizeli, akaipampu dizeli kwa mkono mara chache, akaingia akapiga stata. Likawaka hapohapo.

Mnajua nilifanya nini? Nilimshukuru. Nilishika ule mkono wake wenye oili nikaubusu. Nikamwambia, "Mungu akuweke, kaka." Yeye akaangalia barabara.

Tulifika chuoni saa sita inakaribia. Geti kubwa la bluu, nanga nzee imepakwa chokaa, vijana waliovaa nyeupe wanapita kwa mistari kama wanavutwa na kamba moja. Mlinzi akatazama karatasi ya mtoto akatikisa kichwa. "Usaili umefungwa, mama." Nikamwomba. Nikamsihi. Nikamfokea, kisha nikamwomba tena. Akaenda kumwita mkufunzi, mwanamume mrefu mwenye mistari begani na sauti ya upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Alisema walimwita jina mara tatu mlangoni. Alisema waliosikilizwa ni wengi, nafasi zimeshagawiwa, wasimamizi wameshaondoka.

"Gari lilituzimikia njiani, mwalimu."

"Pole sana, mama. Kila mwaka huwa kuna wawili watatu wa namna hiyo."

"Basi mwakani?"

Akamtazama binti yangu. Akasema tarehe ya kuzaliwa iko pale kwenye karatasi na yeye hawezi kuibadilisha. Mtoto akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja: kama anaweza kuiona injini, basi tu, kwa kuwa ameshafika.

Mkufunzi akatupeleka. Lilikuwa jengo refu lenye madirisha juu karibu na paa, na katikati yake injini ya meli, kubwa kuliko nyumba yetu na ya jirani mkiziunganisha. Kweli walikuwa wanaipanda kwa ngazi. Walikuwa wameiwasha kwa ajili ya somo, na sakafu ilitetemeka hadi kwenye magoti yangu. Wasichana wawili wa umri wa binti yangu walikuwa juu, wamevaa kofia ngumu, wanaitana. Mtoto akasogea, akaweka kiganja kwenye ubavu wa chuma kile, akainamisha kichwa vile anavyoinamisha. Hakuna aliyemuuliza. Akasema polepole, "Inasema iko sawa." Mkufunzi akageuka akamwangalia. Sikuweza kukaa mle ndani.

Nikatoka kwenda kwenye maegesho kuliondoa lile shati, maana lilikuwa bado limetundikwa dirishani, halina mkunjo hata mmoja, na sikutaka mtoto aje alikute. Kaka alikuwa ameacha boneti wazi injini ipoe, yeye yuko nyuma anapanga vifaa kwenye buti. Nikapita mbele ya gari. Nikasimama.

Mimi si fundi wa injini. Lakini rangi ndiyo kazi yangu. Uzi mmoja usiofanana na mwenzake nauona toka mlangoni. Injini ile ilikuwa imejaa vimistari vyekundu, vya zamani, vimefifia. Na katikati yao, kwenye nati ndogo ya bomba jembamba, kimoja kilikuwa zambarau.

Nikaenda kutazama magurudumu. Yote manne. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Hakuna aliyekagua gurudumu lolote usiku ule.

Binti akatokea. Nilimwonyesha kwa kidole. Akainama akatazama, na nikamwona usoni mwake akielewa, kidogo kidogo, mpaka mwisho.

"Mama, hii ndiyo iliyokuwa inaingiza hewa kwenye dizeli," akasema. "Tazama, mstari umekatika. Nusu iko kwenye nati, nusu kwenye bomba, hazikutani. Alipoichora ilikuwa imelegezwa. Leo alipoikaza ndipo ukakatika, na kwa haraka hakuichora upya."

Akainuka, akamtazama mjomba wake aliyekuwa ametugeuzia mgongo. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mjomba, uliilegeza jana." Kaka akaendelea kupanga spana. Mtoto akarudia, juu kidogo. Hakuna kitu. Spana zinalia kwenye sanduku, kling, kling.

"Hasikii, mama," binti akaniambia. "Hasikii tangu siku nyingi. Anasoma watu midomo, na injini anazihisi kwa kiganja tu. Mimi ndiye ninayemsikilizia. Aliniapisha nisikuambie."

Loo! Ile sauti yake. Matusi yangu yaliyokuwa hayajibiwi. "Chifu, inasemaje?" kumbe halikuwa somo. Kumbe nilikuwa nakaa upande wa pili wa ukuta na pini mdomoni, natabasamu kama mwehu, na wawili hawa wananificha jambo kubwa hivyo. Lakini mtoto alificha ili amlinde. Yeye je?

Nilimwendea nikamgeuza kwa bega. "Kaka. Wewe ndiye uliyeilegeza ile nati?"

Alinitazama mdomoni. "Nati gani?"

Niliingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli yake, nikatoa kichupa changu, nikamwekea mbele ya pua. Akakitazama. Halafu akakaa kwenye ukingo wa buti.

"Nilitaka achelewe tu," akasema. "Sikutaka adhurike."

"Kuchelewa ndiko kudhurika! Ulikuwa unajua! Ulikaa mezani kwangu ukasikia!" Nikajirekebisha, kwa uchungu. "Ukasoma!"

"Akiondoka, nani atanisikilizia, dada? Wiki moja tu wateja watajua. Nani atampa gari fundi kiziwi?"

"Ungeniambia mimi."

"Ningeanzia wapi? Wewe una mdomo, ungeshautangazia mtaa mzima."

Hilo lilinichoma, maana hata hapo, ametufanyia alilofanya, bado alikuwa na la kunikosoa. Nilimtolea yote. Nilimwambia nilimbusu mkono, huo huo mkono. Nilimwambia basi lilikuwa linasimama, lilikuwa na viti, akalipungia lipite kwa mikono miwili. Nilimwambia mtoto huyu hakuwa na baba mwingine. Wale vijana waliovaa nyeupe walikuwa wanatutazama, sikujali, watazame, wajifunze na hilo.

Nilipoishiwa pumzi nikamuuliza kitu ambacho kilikuwa kinanikereketa. "Na rangi? Mwizi gani anaweka sahihi? Kwa nini uliichora?"

Akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kama mtu aliyeuokota barabarani.

"Umezoea," akasema.

Binti yangu akasogea mbele yake, karibu kabisa, ili asome vizuri. "Mjomba, siri yako niliitunza," akasema. Basi. Kaka akaanza kulia, na mimi sikumfuta machozi.

Ningekuwa na njia nyingine ningemwacha palepale na injini yake. Lakini bodi ilikuwa yangu, viti vyangu, siwezi kumwachia. Tukapanda. Binti akafungua mlango wa nyuma akakaa pembeni yangu, na kile kiti cha mbele, mahali pake tangu utotoni, kikabaki na shati jeupe nililolilaza pale, peke yake.

Tuliendesha jioni nzima. Tulipopita pale kwenye mashamba nilifumba macho. Baadaye kidogo, kwenye mlima wa kweli sasa, injini ikaanza kitu. Kwanza kwa mbali, kisha waziwazi: ko, ko, ko, chuma kinapiga chuma. Hata mimi nilisikia. Binti alisikia kabla yangu, nilihisi bega lake limekaza. Kaka hakusikia. Kiganja chake kilikuwa kwenye dashibodi, kinapapasa, hakina uhakika.

"Chifu," akasema kwa ile sauti yake kubwa, bila kufikiri, kwa mazoea tu. "Inasemaje?"

Akainua macho kwenye kioo kusubiri mdomo wa mtoto. Mtoto akageuza uso dirishani, kioo kikampa kisogo. Akasubiri. Halafu akanitafuta mimi. "Dada? Inasemaje?" Nami nikamtazama kwenye kioo kile, nikafumba mdomo, Kinywa Wazi mzima, nikahakikisha ameuona umefumbwa. Ko, ko, ko. Akarudisha macho barabarani akaendelea kupanda, anaendesha kitu kinachopiga kelele asichokisikia, hadi nyumbani.

Tulipoingia uwanjani alizima gari. Moshi ulikuwa unatoka kwenye boneti. Binti alishuka akaingia ndani na shati lake. Mimi nilizunguka upande wa dereva, nikasimama mbele ya uso wake, nikasema taratibu ili lisimpite hata neno moja:

"Kaka, toa injini yako kwenye bodi yangu."

Miaka yote nikisema hivyo alikuwa na jibu lake. Alinitazama mdomoni, akangoja kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Akashuka, akafungua boneti, akachukua spana, akaanza na ile nati ya zambarau.